Kitovu cha Mwanangu na Udongo wa Oili

Miaka ile ya foleni za sukari, mume wangu aligeuza ua wetu wa Ngamiani kuwa gereji. Vipuri havipatikani, lori linakaa kwetu majuma matatu likisubiri bolti, na oili chafu inamwagwa papo hapo nyuma ya jiko. Biashara zilipofunguliwa akapata banda lake barabarani, akatuachia udongo mweusi unaonuka. Hata magugu yaliukataa.

Ndipo nikajifungua. Kitovu cha mtoto kilipodondoka, mama mkwe akaja kutoka kijijini kwake Kigombe kukizika uani na kupanda mnazi juu yake. Kwetu pwani kazi hiyo ni ya bibi mzaa baba. Alichota udongo, akaunusa, akatema mate.

"Hapa hapazikwi kitovu cha mtu," alisema. Akakifunga kitambaani, akakitia mkobani mwake.

Nilikasirika. Kwenu ni pale kilipozikwa kitovu chako, na nilishajua nia yake: akizike Kigombe, mtoto awe wa kwao, mimi nibaki yaya.

Lakini hakuondoka. Aliomba jembe. Maisha yake yote alikuwa akifukia makumbi ya nazi kwenye tope la ufukweni hadi yaoze, apate nyuzi za kusokotea kamba. Kuoza alikujua vizuri. Akalima ua mzima, akachanganya samadi ya mbuzi na makumbi yaliyooza, akapanda ukoka na kuumwagilia kila asubuhi. Mimi, mwalimu wa sayansi, nikawa nacheka jikoni. Darasani nilifundisha vimeng'enya vya tumboni vinavyosaga chakula. Haikunijia kwamba vijidudu vya udongoni navyo vina vimeng'enya vyao, na vikipata hewa, maji na mizizi ya kukalia, hula hata oili.

Ukoka wa kwanza ulikufa. Akapanda mwingine. Siku moja alipokwenda kwake nikapanda mchicha, ukastawi, nikajisifu. Aliporudi aliung'oa wote kabla sijabandika sufuria.

"Majani haya yako kazini, mwanangu, yananyonya sumu ya oili. Hayaliwi."

Nilinuna siku mbili. Ila ukoka ulizidi kutambaa, na harufu ya oili ikawa inapungua, nami nikaanza kumsaidia kubeba ndoo. Tulizoea kupiga soga pale. Zilikuwa asubuhi nzuri.

Masika ya pili alichota udongo tena, akaunusa, akanipa na mimi ninuse. Ulinuka mvua tu. Akatoa kile kitambaa mkobani.

Nikashindwa kunyamaza. "Mama, muda wote huu ungeweza kukizika kwako. Nilidhani ndicho ulichotaka."

"Cha babake nilikizika kwangu," alisema. "Kila Ijumaa namwona anaingia mlangoni, roho yangu inatulia. Nawe, huyu wako asije kwako akikua?"

Akanikabidhi jembe. "Chimba wewe."

Nilichimba huku machozi yananitoka, wala sikuona haya.