Mjomba Aliyeitwa Kumnyamazisha Elia

Dada Josephine hakungoja hata salamu ziishe. "Njoo Amerika uongee na mpwa wako," alisema kwenye simu. "Mimi nimeshindwa." Mwanawe Elia alikuwa akicheza mpira wa Kimarekani, ule wa kubebwa mikononi na kugongana vifua, katika chuo kimoja cha Minneapolis. Chuo kilimsomesha kwa sababu ya mpira huo. Sasa alitaka kwenda kuwaambia wakuu wa chuo kwamba kocha msaidizi alikuwa na watu wa kuwafanyia wachezaji kazi za darasa, hata mitihani. Dada aliogopa mtoto angefukuzwa. Kwetu Moshi, mambo yakifika hapo huitwa mjomba. Viza nilikuwa nayo, nikaomba ruhusa shuleni ninakofundisha, nikaondoka.

Uwanja wa ndege nilimkuta dada bado na sare zake za hospitali. Njia nzima hadi kwake Eagan, mji wa jirani, aliendesha huku akiongea. "Nimehangaika miaka yote ili huyu asome. Mwambie amalize kwanza, ndipo aseme anachotaka." Nikamwahidi. Niliona ana haki.

Mezani jioni ile nilitoa hotuba niliyoipanga ndani ya ndege. Elia, kijana mpana kama mlango, aliniacha nimalize. "Mjomba," akasema kwa Kiswahili chake cha kukwamakwama, "kabla hujaniambia ninyamaze, twende kesho ukamwone Byamungu."

Kesho yake tuliacha gari kituoni, tukapanda treni, tukashuka Cedar-Riverside, mtaa wa Minneapolis wenye maghorofa marefu, ambako maduka yananukia sambusa. Byamungu alitoka Bukavu na wazazi wake akiwa mdogo. Alikuwa mkimbiaji hodari wa timu mpaka goti lilipoharibika, na timu ikaacha kumwita. Akajaribu kuhamia chuo kidogo cha uuguzi. Huko walimpa karatasi aandike insha palepale, akashindwa.

"Ikala, papa," alinikaribisha kwa Kiswahili cha kwao Bukavu, akinisogezea kiti. "Balikuwa banaandika masomo yangu yote. Mimi nilikuwa nakimbia tu na mpira. Sasa mpira imeisha, na mu kichwa hakuna kitu." Alicheka kidogo, kisha akageukia dirisha. Nimefundisha vijana wengi; hotuba yangu ya jana niliiacha palepale.

Ndani ya treni Elia aliniambia lililobaki. "Na mimi walinifanyia mtihani wa historia. Nilikubali. Nitasema na hilo."

Tuliporudi Eagan nilimweleza dada kwamba sitamzuia Elia, bali nitamsindikiza. Alipandisha sauti. "Nilikuita unisaidie, siyo unigeuke!" Akajifungia chumbani. Asubuhi nilimkuta akipiga pasi shati jeupe la Elia. "Kama anakwenda," alisema bila kunitazama, "asiende kama muhuni."

Chuoni alitupeleka mwenyewe kwa gari. Elia aliingia kwenye ofisi inayosimamia kanuni za michezo, sisi tukakaa kwenye korido, dada amenishika mkono kama tulivyokuwa watoto. Elia alitoka akifungua kifungo cha shati shingoni. "Nimesema yote," akatuambia. Dada akamkumbatia, ingawa kichwa chake kilimfikia mwanawe kifuani.

Wiki za mwisho za likizo yangu hazikuwa rahisi. Elia alizuiwa kucheza msimu mzima, akaamriwa kurudia somo la historia. Baadhi ya wenzake waliacha kumsalimu. Lakini hakufukuzwa. Kocha msaidizi ndiye aliyeondolewa, na chuo kikamrudisha Byamungu na kumpa mwalimu wa kumfundisha kuandika. Siku moja mchezaji mwingine wa timu alimfuata Elia maktaba, alikokuwa akirudia historia, akavuta kiti, akauliza wanaanzia ukurasa gani.

Nimesharudi Moshi. Nilikwenda nikidhani kazi ya mjomba ni kutuliza nyumba. Nimejifunza kwamba kuna utulivu unaomla mtoto, na kwamba mzazi mwenye hofu hahitaji mtu wa kukubaliana naye, anahitaji mtu wa kukaa naye kwenye korido.

Juzi Elia alipiga simu. Amefaulu historia, kwa alama ya chini kabisa ya kufaulu.

"Lakini, mjomba," akasema, "niulize swali lolote."

Nikamuuliza. Alijibu mpaka chai yangu ikapoa.