Saa Kumi na Tano za Baba

Dada yangu alipojifungua kule Toronto, Kanada, tuliamua mama aende kumlea mzazi. Mama hakuwahi kupanda ndege maishani. Baba naye hakuwahi, lakini ndiye aliyejifanya mwenyeji wa angani.

Baba ni fundi cherehani hapa Dunda, Bagamoyo, na kitu asichokipima hakiamini. Alitandaza ramani ya dunia ya mwanangu juu ya meza ya kukatia, akavua futi shingoni, akapima kutoka kwetu hadi Kanada.

"Mbali," akasema, "ila si mbali kihivyo."

Kisha akaniagiza nitazame kwenye simu. Nikamsomea kwamba kutoka uwanja wa Dar hadi wa Toronto, ndege ikienda moja kwa moja, ni kama saa kumi na tano.

"Basi. Kumi na tano."

"Lakini baba, hakuna inayokwenda moja kwa moja. Atabadilisha ndege Istanbul, na atakaa sana pale."

"Hapo watasimama kuchimba dawa tu, kama basi pale Msata."

Mama, aliyekuwa akishindilia dagaa kwenye sanduku, hakuinua hata uso. "Mwache. Tangu lini fundi akajua muda? Wateja wake hupata nguo za Idi wakati Idi imeshapita."

Tulimsindikiza uwanjani alasiri ya siku ya pili, tukarudi Bagamoyo. Asubuhi, kabla sijanywa chai, baba alikuwa amesimama mlangoni kwangu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Mama yako hajafika."

Nikamweleza upya habari ya Istanbul. Hakusikia. Alikuwa ameshampigia dada mara nyingi bila kupokewa, na niliposema kule bado ni usiku, watu wamelala, akaniangalia kama niliyemuuza mama. Akatoka kumwambia jirani yetu, shemasi wa kanisa, huyo akamwambia mkewe, na mara uani kukawa na mkeka, birika la chai na majirani wanaosema kwa sauti ya chini. Imamu wa msikiti wetu akaja kuomba dua. Baba aliketi katikati, futi ingali shingoni, hanywi wala hali.

Simu yangu ikaita. Ni mama, kwa picha, nyuma yake maduka yanameremeta.

"Niko Istanbul. Dada mmoja wa Mombasa kaniunganishia mtandao. Viti vya hapa vigumu kama mawe." Akasogeza uso karibu na kioo. "Mbona naona mkeka? Nani kafa?"

Imamu akaanza kukohoa.

"Hakuna aliyekufa," baba akajibu. "Tunapunga upepo tu."

"Na imamu?"

"Naye anapunga."

Mama alicheka mpaka picha ikakatika. Majirani nao wakaangua kicheko, na baba, masikini, akaomba kikombe cha chai, kisha cha pili, kisha akauliza kama vitumbua vimebaki.

Mama alifika Toronto usiku wetu ulipoingia. Alipopiga, baba aliichukua simu yangu bila kuomba, akaingia nayo kwenye chumba chake cha kushonea na kufunga mlango. Alikaa humo hadi chaji ikaisha. Sijui walizungumza nini, ila alipotoka macho yalikuwa mekundu na alikuwa anatabasamu.