Mwanamke Aliyenisemea Barabarani

Mimi na mume wangu na majirani tulikuwa tunarudi kutoka Kalinzi, kwenye harusi ya mtoto wa shemeji yangu, tumekaa nyuma ya pikapu ya kukodi juu ya mikungu ya ndizi tuliyozawadiwa na wenyeji. Kabla ya kuingia mjini Kigoma tukakuta kizuizi. Askari wawili wakatuambia tushuke, kila mtu ashike kitambulisho chake mkononi.

Changu nilikuwa nimekiacha nyumbani, Kasingirima. Nilimwambia hivyo askari aliyenikaribia, kwa sauti ndogo, macho chini. Mama yangu alinifundisha hivyo tangu nikiwa mtoto kule Simbo: mwenye sare anajibiwa kwa ufupi, haulizwi kitu. Lakini ulimi wangu umelelewa na Kiha, ndugu wa Kirundi. Nikisema nimelala, watu wanasikia nimerara.

"Wewe Mrundi?" akaniuliza.

"Hapana, afande. Mimi Muha wa hapa hapa."

"Baba yako alizaliwa wapi?"

Nikamwambia. Akauliza babu naye alizaliwa wapi. Hapo nikababaika, maana babu sikumwona, na walionisimulia habari zake wamekwisha kufa. Askari akanionyesha kando ya barabara.

"Kaa pale. Utakwenda kueleza kituoni."

Ndipo akasogea mama mmoja tuliyepanda naye. Alikuwa mgeni mjini, amefungua banda la vitenge mtaa wa pili kutoka kwetu, na harusini alikuja kwa upande wa bibi harusi. Baba yake ni mtu wa Kigoma, lakini yeye amekulia Dodoma, na Kiswahili chake kimenyooka kama cha mtangazaji wa redio.

"Habari za kazi, afande," alisema. "Naomba kujua huyu dada anashukiwa kwa kosa gani."

"Kwani wewe ni mwanasheria?"

"Hapana, ni abiria kama yeye. Ila mkimchukua, nyumbani kwake watauliza kachukuliwa na nani na kwa lipi. Kwa hiyo naomba na jina lako, na kituo unachotoka."

Hakupandisha sauti. Alisema kama mtu anayeuliza bei ya nyanya. Askari akamtazama, kisha akamtazama mwenzake. Mwenzake, ambaye alimzidi umri, akataja majina yao wote wawili bila kinyongo, akauliza kama kuna wanaonifahamu. Pikapu nzima ikanyoosha mikono.

"Siku nyingine tembea na kitambulisho, mama," akaniambia. Tukapanda.

Nilimshukuru yule mama, na nilimshukuru kwa moyo. Kisha nikageuka kumtafuta mume wangu. Muda wote alikuwa amesimama nyuma yangu. Mume wangu ni fundi cherehani, macho yake kutwa yako kwenye sindano, si mtu wa kukodolea wanawake. Lakini pale alikuwa anamtazama yule mama namna ambayo mimi mwenyewe niliwahi kutazamwa, zamani, kabla ya watoto. Furaha yote ya kuachiwa ikanitoka.

Tangu siku ile nyumba yetu ikawa na mtu wa ziada. Tukila ugali na dagaa, mume wangu anasimulia tena jinsi yule mama alivyouliza jina la askari. Mgeni akija, hadithi inaanza upya, na kila inaporudiwa mimi nazidi kuwa mdogo: mara nilikuwa natetemeka, mara nilikuwa karibu kulia. Dereva wa bodaboda akilalamika kwamba amesimamishwa bila sababu, mume wangu anamwambia, "Kamuulize yule mama wa vitenge." Na walikwenda. Wanaume wazima walisimama mbele ya banda lake wakiuliza kama askari anaruhusiwa kuchukua simu yako, kama mwanamke anaweza kukataa kupekuliwa na mwanamume. Alijibu alichokijua, na asichokijua alisema hajui. Hata hilo lilinikera. Ningependa nimkute anajidai.

Kisha akaanza kushonesha nguo kwa mume wangu, anayeshonea barazani kwetu. Mimi nauza mawese sokoni, lakini siku za kupimwa kwake nilikuwa na sababu ya kurudi mapema. Nikimkuta, ananisalimu vizuri, "Mwakeye, dada," kwa Kiha cha kujifunza, na mume wangu anacheka. Kiha changu mimi hakijawahi kumchekesha mtu. Kimenipeleka pembeni ya barabara tu.

Nikiwa peke yangu jikoni nilijaribu maneno yake. Nikakoroga mboga nikisema, "Naomba kujua anashukiwa kwa kosa gani." Yalitoka kama ya mtu anayeomba chumvi kwa jirani.

Siku moja asubuhi jirani yetu, muuza mkaa, alinifuata sokoni. Alisema mume wangu amechukuliwa na polisi, yeye pamoja na cherehani yake. Mteja aliyemletea kitenge cha kushona alikuwa anatuhumiwa kukiiba, na kitenge kilikutwa mezani kwa fundi.

"Mpitie yule mama wa vitenge uende naye," jirani akanishauri.

Banda lake lilikuwa njiani. Nilipokaribia aliniona, akaacha kukunja nguo.

"Shoga, mbona mbio hivyo?"

"Nawahi mzigo," nikamjibu, nikapita.

Kaunta ya kituo ilikuwa na kijana ambaye angeweza kuwa mwanangu. Kwa woga nikamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba, kisha akaona haya, akatazama karatasi zake. Nikasema nilichokuja kusema, lakini kwa sauti ndogo.

"Rudia, mama. Sijakusikia."

"Naomba kujua mume wangu anashukiwa kwa kosa gani."

Akainua uso. "Kwenu ni wapi?"

Nililijua swali lile na mahali linapoelekea. Nikatoa kitambulisho changu, nikakiweka juu ya kaunta.

"Kwetu ni Simbo, na kitambulisho hiki hapa. Lakini nimekuja kuuliza habari za mume wangu, sikuja kuulizwa za kwetu."

Akakitazama, akanirudishia. Halafu akanieleza bila ukali kwamba mume wangu anaandika maelezo kuhusu mali inayodaiwa ya wizi, na kwamba akimaliza anaweza kudhaminiwa. Nikamuuliza kama dhamana inalipiwa. Akasema hailipiwi, na akanionyesha bango ukutani lililosema hivyo hivyo. Nikaketi kwenye benchi hadi mchana, nikaweka sahihi, mume wangu akatoka. Cherehani ilibaki kwanza kama kielelezo. Ilirudishwa baadaye, mteja alipokiri kwamba fundi hakujua lolote.

Tulitembea kurudi Kasingirima. Nilisubiri aseme neno. Tulipofika karibu na msikiti akalisema.

"Kwani yule mama hakuwepo? Ungemwita, tungetoka mapema."

"Nimekutoa mimi."

"Najua, mama watoto. Nashukuru. Nasema tu."

Nilitangulia mbele hadi nyumbani. Nilipika, nikala kidogo, nikalala nimempa mgongo.

Kesho yake yule mama alikuja kutupa pole. Mume wangu alikuwa ametoka, tukakaa wawili uani. Alisema ningemwita angekuja, nikasema nilichanganyikiwa. Akanishika mkono.

"Mumeo amepita bandani asubuhi. Kaniambia kule kituoni alikuwa chumba cha pili, mlango wazi, amekusikia ukimwambia askari hukuja kuulizwa za kwenu. Alikuwa anasimulia huku amesimama, hataki hata kuketi. Anasema hajawahi kusikia mtu akijibu vile. Mimi mwenyewe nisingethubutu, dada."

Nilimwangalia usoni nikitafuta kejeli, sikuiona. Mume wangu alikuwa amenisifu, tena sana, na alikuwa amezipeleka sifa zangu kwa mwanamke huyu akiwa amesimama. Nyumbani kwangu hakuzileta. Furaha na wivu vilinikaba pamoja nisijue kipi nikimeze kwanza.

Nikaingia ndani, nikamletea chupa ya mawese. Akaipokea kwa mikono miwili. Kisha akaniuliza kama gauni lake lilikwisha kushonwa kabla ya cherehani kuchukuliwa, nami nikamwambia aje kulijaribu jioni, nitakuwepo.