Rimu Kubwa za Paraskevas

Paraskevas hakai. Ukimpa kiti anakizunguka, ukimpa kahawa anainywa akitembea, na kikombe utakikuta baadaye juu ya kompresa. Jumatatu ile aliingia gereji kwangu na rimu nne za inchi kumi na nane, kazifunga kwenye blanketi zuri la nyumbani, lile ambalo mkewe Chrysoula alikuwa akilitafuta tangu asubuhi.

“Asimina, zitazame tu. Usiseme kitu.”

“Nimezitazama.”

“Sema basi!”

Huyu ni kumbaro wangu. Alitusimamia mimi na marehemu mume wangu kanisani siku ya harusi, akatubadilishia mataji vichwani, na kwetu mtu wa namna hiyo ni ndugu kuliko ndugu. Humfukuzi hata akikutia wazimu. Kazi yake ni kusoma mita za maji hapa kijijini Mavrolithi, nyumba hadi nyumba, kwa miguu. Lakini Septemba ikifika anageuka mtu mwingine. Analitoa gari lake jekundu, dogo, lenye turbo, analiandaa kwa mashindano yetu ya kupanda mlima: kona kumi na moja, kutoka darajani mpaka kanisa dogo la Nabii Eliya. Na kwa miaka kumi na miwili mfululizo amekuwa wa pili. Bingwa hubadilika, wa pili ni yeye. Watoto wa shule wanamwita Bwana Pili, naye anaitika.

Safari hii hakuwa na mwaka mwingine wa kusubiri. Novemba anawekewa goti la chuma, na daktari alishamwambia kwamba baada ya hapo leseni ya mashindano aisahau. Alitaka kuwa wa kwanza mara moja tu kabla ya kisu. Aliniambia hivyohivyo, bila aibu, na mimi nilimwonea huruma mpaka nikakasirika.

Shida yake ilikuwa rahisi kuieleza na ngumu kuiamua. Gari lilikuwa na rimu za kumi na sita. Rimu kubwa zinavaa matairi yenye ubavu mwembamba. Yanashika kona bila kuyumba, ila yanataka barabara laini. Kwenye viraka gari linarukaruka, na kila gurudumu linaongeza kilo tatu za kuzungusha. Barabara yetu ni viraka vitupu. Lakini Oktoba kulikuwa na uchaguzi, na meya alikuwa ameapa hadharani kwamba lami mpya itafika mpaka mlangoni kwa Nabii Eliya. Mashine zilikuwa zimeshafika kona ya tatu.

“Itafika,” Paraskevas akasema.

“Kumbaro, una miaka hamsini na nane. Umeona chaguzi ngapi?”

“Mashine nimeziona kwa macho yangu!”

“Na mimi niliona kwa macho yangu bwawa la kuogelea likichimbwa. Sasa kuku wanataga mle ndani.”

Jumanne nikamfungia kubwa. Jumatano, kabla sijafungua mlango, alikuwa ameshafika anataka ndogo. Jumatano hiyohiyo mchana akarudi, kubwa. Nilimwambia nati zake zitakwisha meno kabla ya mashindano ya Jumapili. Hakusikia, alikuwa chini ya gari, anapima nafasi ya tairi kwa vidole, kisha kwa rula, kisha kwa vidole tena.

Alhamisi lami ilisimama. Ilisimama kona ya saba, mbele ya mgahawa wa shemeji yake meya, na mashine zikateremka zikaondoka.

“Mpaka maegesho yake wameyapaka!” Paraskevas alifoka, akizunguka gereji na spana ambayo hakuwa na kazi nayo. “Mpaka njia ya jikoni!”

“Nani alikutuma umwamini?”

“Kijiji kizima kilimwamini!”

“Kijiji kizima hakikununua rimu.”

Chrysoula naye akaja, kajifunga kitambaa kichwani, blanketi lake kwapani. “Asimina, nakuomba, mwamulie wewe. Huyu mtu amenishika kiwiko kitandani akaingiza gia ya tatu.”

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Lakini sikumwamulia. Nusu ya barabara sasa ilikuwa ya rimu kubwa, nusu ya rimu ndogo, na yeye alikuwa katikati, hali chakula, hatulii, anasoma mita za watu kimakosa.

Jumamosi ni siku ya majaribio, na kila dereva anapanda mara mbili. Nilikwenda darajani na jeki yangu. Mara ya kwanza akapanda na kubwa, tukabadilisha, mara ya pili akapanda na ndogo. Waandaaji wanatoa karatasi yenye muda wa chini, mpaka kona ya saba, na muda wa juu, kutoka pale hadi kanisani. Kwenye lami mpya kubwa zilikuwa mbele kwa karibu sekunde nzima. Kule juu kwenye viraka, kubwa na ndogo zilitoa muda uleule, sawasawa, mpaka nukta.

“Haiwezekani,” akasema. Aliigeuza karatasi akatazama mgongo wake, ambao haukuwa na kitu. “Kubwa zinanirusha, ndogo zinatulia. Zinakuwaje sawa? Hawa wa saa wamekunywa.”

Mimi nikaendelea kukaza nati iliyokuwa imeshakazwa.

“Funga kubwa,” akasema mwishowe. “Nikishindwa, angalau nishindwe nimependeza.”

Jumapili Chrysoula alilitemea gari mate mara tatu kuliepusha na jicho baya, na Paraskevas akaondoka darajani vizuri kuliko nilivyowahi kumwona. Kipaza sauti kikatangaza kwamba kona ya saba anaongoza. Watu wakapiga kelele. Chrysoula akanikamata mkono akaufinya mpaka ukaniuma. Kisha ukatangazwa muda wa kanisani: wa kwanza Zisis, daktari wa mifugo. Wa pili, nyuma kwa sehemu nne za kumi za sekunde, Paraskevas.

Nilipofika juu nilimkuta nyuma ya kanisa, peke yake, amesimama bila kutikisika. Hilo lilinitisha zaidi kuliko kushindwa kwake.

“Niliinua mguu kwenye mafuta,” akasema. “Kona ya tisa. Matairi yalikuwa yanashika, Asimina, yanashika kabisa, na mimi nikainua mguu. Na jana vilevile. Kwa kubwa na kwa ndogo.”

“Najua.”

“Unajua nini?”

“Miaka yote hii nayatoa mimi matairi yako baada ya mashindano. Ya Zisis yanakuja yamelika ukingo wote wa kushoto kwa kukata kona. Yako yanakuja kama yametoka dukani.”

“Tangu mwaka gani?”

“Wa pili.”

“Na ukaniacha ninunue springi. Ukaniacha ninunue breki, turbo, rimu.”

“Ningekuambia usingeinua tena. Pale chini kuna korongo, kumbaro. Mume nimeshamzika. Sikutaka kuja kuchemsha ngano ya arobaini yako.”

Hakupiga kelele, na ningependa angepiga.

“Woga ulikuwa wangu,” akasema. “Na mlima ni wangu. Ungenipa hata mwaka mmoja nikiwa najua, niamue mwenyewe.”

Kipaza sauti kikaita jina lake aende akachukue kikombe cha mshindi wa pili, naye akaenda, akichechemea kwa lile goti, watu wakimpigia makofi. Alikuwa na haki ya kuniambia vile. Nilitaka kumwita nimwombe radhi, lakini nikaona aibu, nikanyamaza tena.