Mchapaji wa mikataba ya magari na sahihi ya nusu ukurasa

Saa tatu kasorobo asubuhi, Bi Chesisi amechutama kando ya gurudumu la mbele la pikapu kuukuu. Mkono mmoja ameshika tochi, mwingine kadi ya gari. Anasoma namba ya chesisi iliyogongwa kwenye chuma, tarakimu moja moja, kwa sauti.

“Kadi haidanganyi, ila anayeishika anaweza,” anasema huku akijipangusa magoti. Kwa kukagua chesisi hivyo, wateja wakambandika jina la Bi Chesisi, na siku hizi analiitikia upesi kuliko jina lake la kuzaliwa.

Kazi yake ni kuchapa mikataba ya mauziano ya magari. Ana meza, kompyuta na printa yenye kelele, chini ya ngazi za jengo la ofisi. Akimaliza kuchapa, muuzaji na mnunuzi hupanda ghorofa ya tatu kwa wakili, wakasaini mbele yake naye akagonga mhuri. Bila mhuri huo, anasema, mkataba ni karatasi ya kufungia misumari.

“Siku njema napata mikataba minane. Siku mbaya napata mmoja na maswali ishirini.” Kwa miaka ishirini na mmoja, kazi hiyo imelipa kodi ya vyumba viwili na kusomesha mabinti wawili.

Leo muuzaji ni dereva mstaafu, na mnunuzi ni seremala. Mzee anatoa mfukoni mkataba ulioandikwa na mkwewe. Tayari una sahihi ya mzee.

“Mzee wangu, hii umesaini wapi?”

“Nyumbani, jana. Nikasema niwapunguzie kazi.”

Kosa hili Bi Chesisi hulikuta karibu kila wiki. Watu hudhani wakili anataka sahihi, kumbe anataka kuuona mkono ukiiandika.

“Wakili anathibitisha kwamba alikuona. Sasa alikuona wapi, baba, sebuleni kwako?”

Seremala anacheka. Mzee hacheki. Anautoa mkono wa kulia mfukoni, nao unatetemeka. Ni kiharusi cha mwaka jana, kilichomwondoa pia kwenye usukani. Anaeleza kwamba jana alijaribu mchana kutwa, na sahihi inayofanana na ya kitambulisho ilikuja kwenye karatasi ya kumi na saba.

Seremala hajaridhika. Muuzaji anayeogopa kusaini hadharani humtia mtu wasiwasi kama gari ni lake kweli. “Mzee, tusiandikie mate na wino upo,” anasema kwa upole. “Saini hapa tuone. Ikishindikana, mimi nitatafuta gari lingine.”

Bi Chesisi anakumbusha kwamba dole gumba nalo linakubalika.

“Dole?” Mzee anamkazia macho. “Nimesaini vitabu vya safari miaka thelathini na mmoja. Leo nitie dole kwenye gari langu mwenyewe?”

Mchapaji anaigeukia kompyuta, anauchapa mkataba upya, anafuta ule mstari wa nukta wa mahali pa kusaini na kuacha nusu ukurasa mtupu. “Mstari ndio unaotisha,” anamwambia mwandishi wa makala haya. “Mkono unaotetemeka ukiuonyesha mstari, unatetemeka zaidi.”

Kisha, kwa kuwa mzee hawezi kufika ghorofa ya tatu, anapanda ngazi mwenyewe kumfuata wakili. Wakili anashuka na mhuri wake, uso umekunjamana.

“Nina watu wananisubiri juu.”

“Na huyu naye ni mtu,” anajibu Bi Chesisi.

Mzee anakalishwa kwenye kiti cha Bi Chesisi. Anajishika kifundo cha mkono kwa mkono wa kushoto, anaanza. Inachukua dakika nne. Seremala, aliyedai kuona, ameyageukia matairi ya pikapu ili asimwaibishe.

Sahihi inaanzia pembeni, inapanda, inashuka, inaishia karibu na jina la shahidi. Haifanani kabisa na ile ya kitambulisho. Wakili anailinganisha sura ya mzee na picha, kisha anauliza kama anajua anachosaini, na kama kuna anayemlazimisha.

“Namuuzia kijana huyu pikapu yangu. Anayenilazimisha ni huu mwili tu.”

Wakili anaandika kwa mkono wake kwamba amemwona akisaini, na anagonga mhuri pembeni, kwa uangalifu, usiguse mwandiko.

“Nimefurahi,” mzee anasema. “Nimekuja hapa naogopa sana.” Anamkabidhi seremala funguo na kumwonya kwamba gia ya pili inataka subira.

Wakili akishaondoka, Bi Chesisi anauhifadhi ule ukurasa wenye nafasi tupu kwenye kompyuta. Ana mpango wa kumwomba wakili ashuke na mhuri kila Alhamisi asubuhi, kwa ajili ya wasioweza ngazi. Ameshawahi kumwomba mara mbili, naye akasema atafikiria.

“Safari hii nitamwomba nikiwa na karatasi ya leo mkononi,” anasema. “Wenye mikono kama ya huyu mzee wapo wengi, wanajificha majumbani na karatasi zao kumi na saba. Nataka wakija wakute nafasi yao imeshaachwa.”