Siku za Kumwita Bwana

Mama mkwe wangu ndiye aliyekuwa akimwita bwana yangu aje kulala na mimi. Usicheke, ndivyo ilivyokuwa. Bwana alichimba dhahabu ya Wazungu kule Salamabila. Mimi nilibaki kijijini, Kabambare, na shamba la pamba ya lazima, kapita, msimamizi wa Wazungu, mgongoni. Kila nilipotoka mwezini, mama mkwe alituma habari kwa yeyote aliyeelekea kule: “Mwambieni mutoto wangu aje mbio, tumbo ya bibi yake iko wazi.” Kwetu wote waliamini hivyo: damu ikiisha tu, mlango wa mtoto umefunguka, ukichelewa, umefungwa.

Naye alikuja kwa miguu, vumbi mpaka kwenye nyusi. Alilala siku mbili tatu, akarudi kabla Mzungu hajauliza yuko wapi. Siku hizo mimi nilikuwa gogo. Mwili mkavu, hamu hakuna.

Akishaondoka, ndipo mwili ulipoamka! Katikati ya mwezi, ute unanitoka mwepesi kama wa yai, ngozi inang'aa, nacheka peke yangu kwenye pamba mpaka wenzangu wananiuliza nimekunywa nini. Asubuhi ndiyo ilizidi. Na bwana yuko wapi? Shimoni. Baadaye matiti yanauma, jioni nalia bila sababu, natukana hata mbuzi, halafu damu. Kila mwezi damu. Nilitaka mtoto mmoja tu, nimbebe mgongoni, watu wanyamaze.

Mwili wangu niliujua mimi. Siku moja nikajikaza: “Mama, safari hii tumwite katikati ya mwezi.”

Mama mkwe akaweka mwiko chini. “Aka! Mwanamuke mwenye kuchagua siku iko na mutu mwingine. Ni nani huyo?” Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, akaniambia, na majirani wote wakalisikia. Nikarudi shambani. Nilimchukia, nasema wazi.

Miaka ikapita hivyo, mpaka bwana mwenyewe akachoka. Nikamweleza yote. Akafikiri, akasema, “Basi, nitakuja siku utakayosema wewe.” Yoo, furaha niliyokuwa nayo! Akaja siku yangu. Mwezi ule damu haikuonekana, na uliofuata pia. Mama mkwe akachinja kuku, akanikataza kubeba maji.

Lakini matiti hayakujaa. Joto lilinipanda hata kukiwa na mvua, jasho likanilowesha nguo, na tumbo likabaki bapa. Shangazi yangu alikuja kunitazama, akanishika mkono. “Hii si mimba, mama. Damu yako imekatika.”

“Mapema hivi?”

“Iko wanawake inawakatikia mapema.”

Bwana aliposikia alikuja. Tulikaa mlangoni mpaka usiku. Kesho yake akafunga mzigo wake, na mbele ya mama yake akaniuliza kwa upole, “Nirudi siku gani?”

Sikuwa na siku ya kumpa.