Meno ya Bi Mahira

Kanze Kahindi alikuwa na kazi ambayo watu wakiisikia hucheka kwanza, kisha hujigusa mashavu. Alitengeneza meno ya kubandika. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa akiketi kwenye chumba cha nyuma cha zahanati moja huko Likoni, akisugua na kung'arisha, na wateja wake walitafuna mahindi ya kuchoma mji mzima bila kumjua hata kwa sura. Kazi aliipenda. Kuvuka kwa feri kwenda kisiwani Mombasa ndiko kulikomtoa roho.

Jumamosi hiyo ilimbidi avuke kwa ajili ya Bi Mahira wa Kuze. Bi Mahira alikuwa mtu wa miaka sabini na sita, na ndiye aliyeongoza nyimbo za vugo, zile za wanawake za kugongewa pembe, katika harusi za Mji wa Kale tangu Kanze hajazaliwa. Sasa alikuwa akiolewa mjukuu wake mwenyewe. Siku mbili kabla, akiyasuuza meno yake, yakamponyoka yakapasuka katikati sakafuni. Mwanawe aliyaleta Likoni Ijumaa, Kanze akayaunga, na Jumamosi adhuhuri yakawa tayari. Kule kwenye harusi hakukuwa na mtu wa kuyafuata.

"Nyimbo zaanza saa kumi, mwanangu," Bi Mahira alisema kwenye simu. Bila meno, maneno yalimtoka upepo mtupu, hata Kanze akamwuliza mara tatu. "Saa kumi! Huwezi kusikia?"

Kanze akatoka saa saba na nusu. Aliyatia meno kwenye kopo la plastiki lenye maji, yasikauke, akalishika mkononi kwa sababu kifuniko hakikuwa kizuri.

Kivukoni akakuta umati umesimama. Meli ya makontena ilikuwa ikiingia bandarini, na meli ikiingia, feri husubiri. Ilipita taratibu kama bibi harusi anayejua anatazamwa. Ilipokwisha kupita watu wakasogea langoni, wakaambiwa wangoje, kuna nyingine nyuma yake. Kanze akasonya kwa sauti hata mzee aliyekuwa mbele yake akageuka.

"Samahani, baba. Si wewe."

"Najua si mimi," yule mzee akasema. "Mimi nimekuwa hapa tangu adhuhuri."

Alipokanyaga upande wa kisiwani ilikuwa imeshapita saa nane na nusu. Pale Feri kondakta mmoja wa matatu alikuwa akiita, "Posta, Posta! Mmoja tu tunaondoka!" Kanze akaingia, akakaa. Akaingia mwanamke na mtoto. Kijana wa kiti cha nyuma akashuka. Akaingia mwanamume na gunia. Wengine wawili wakashuka. Ilimchukua robo saa nzima kuelewa kwamba nusu ya abiria walikuwa wa kupambia gari.

"Kaka," akamwita kondakta, "hawa uliowaweka humu ni wasafiri au ni nduguzo?"

"Sasa hivi, mama, twaondoka."

"Sasa hivi ya leo?"

Akashuka. Kondakta akamfuata akimbembeleza, naye asigeuke, maana alijua akigeuka atasema neno la kumfanya aungame kanisani kesho yake.

Akapanda tuktuk. Dereva, kijana aliyeitwa Kingi, akamhakikishia kwamba Kuze ni kama nyumbani kwao. Akamchukua kwa mbio nzuri, akakata kushoto, akakata kulia, maji ya kopo yakamwagikia sketi ya Kanze, kisha akasimama akitabasamu.

"Hapa ni Bondeni," Kanze akasema.

"Si ni palepale tu, mama?"

"Kingi, umewahi kufika Kuze wewe?"

Kijana akajikuna kichwa. "Nasikia tu watu wakiitaja."

Wakageuza. Njia waliyorudia ikawa imezibwa na magari ya harusi nyingine, yamepambwa maua, yanapiga honi, hakuna anayekwenda mbele wala nyuma. Simu ikalia. Ilikuwa saa kumi kasoro dakika tano, na Bi Mahira hakusema salamu. "U wapi?" Kanze akamlipa Kingi, akavua viatu, akaingia vichochoroni kwa miguu mitupu, kopo kifuani, akiuliza njia kwa kila aliyekaa barazani.

Alifika saa kumi na robo, jasho likimchuruzika. Juu ghorofani vugo lilikuwa limeshaanza. Pembe zilikuwa zikigongwa, lakini aliyeongoza alikuwa mwanamke mwenye sauti ya woga, na wenzake walimwitikia huku wakitazama mlango wa chumba cha ndani. Humo Bi Mahira alikuwa amekaa kitandani na leso yake mpya, amejiziba mdomo.

"Mbona umekawia hivi?"

Kanze alikuwa na hotuba nzima kichwani, kaitunga tangu Feri. Akaimeza. "Shikamoo, Bi," akasema. "Nimetoka saa saba na nusu."

"Saa saba? Likoni hapo?"

"Hapo hapo."

Bi Mahira akamtazama kuanzia nywele, sketi iliyolowa, hata miguu yenye vumbi. Akaiteremsha leso, akacheka, ufizi mtupu. "Maskini mwanangu! Kaa, kaa."

Kanze hakukaa. Alimvisha meno, akamwambia aume. Upande wa kushoto yalibana. Akatoa tupa mkobani, akapiga magoti dirishani penye mwanga, akasugua kidogo, akapuliza, akajaribu tena. Mara ya tatu Bi Mahira akaufunga mdomo, akaufungua, akasema, "Bismillahi," na kila herufi ikasikika.

Akainuka akaenda ukumbini. Yule wa sauti ya woga akanyamaza kwa furaha. Bi Mahira akatoa mstari wa kwanza, mkali na safi, na ukumbi mzima ukamrudishia kwa kishindo hata Kanze, aliyekuwa angali amepiga magoti kule ndani na tupa mkononi, akahisi nywele zikimsimama.

Hasira haikumtoka lakini. Jumatatu asubuhi alimwambia Daktari Levi, mwenye zahanati, kwamba kuanzia siku hiyo mwenye kuyataka meno yake atayafuata mwenyewe. Levi akajaribu kucheka. Kanze akaandika tangazo hilo kwa wino mwekundu, akalibandika mlangoni kwa gundi nyingi.